Ukuta wa chupa unaopitisha mwanga bafuni, twende hatua kwa hatua

Mambo vipi wadau, karibuni sana. Leo tunajenga kipande cha ukuta kwa chupa, mwanga uingie bafuni au koridoo bila jirani kuona ndani na bila kuwasha taa saa sita mchana. Kazi yenyewe fundi wa kawaida anaiweza kabisa, ila kuna sehemu mbili tatu ukizikosea chupa zinalegea, kwaiyo usirushe video mbele.

Kwanza chupa. Naomba mnisikilize vizuri hapa, chupa za soda na bia zinazorudi kwenye kreti usiziguse, zile zinarudi kiwandani zinaoshwa zinajazwa tena na hakuna matumizi ya chupa yanayozidi hayo. Sisi tunataka zile za waini na pombe kali ambazo dukani hawazipokei, zinarundikana nyuma ya mahoteli na kumbi za harusi mpaka zinaishia dampo. Ongea na watu wa jikoni au wahudumu, waachie gunia, utashangaa zinavyojaa haraka. Chukua zenye unene unaofanana, chupa nyingi za waini kitako chake kina kama sentimita saba na nusu, na chagua zile zenye mwili ulionyooka kabla ya mabega.

Loweka kwenye maji ya moto na magadi usiku kucha, asubuhi lebo zinabanduka zenyewe, gundi iliyobaki isugue na steelwaya. Osha na ndani pia.

Sasa kukata, na hapa ndo nataka twende taratibu. Tunachohitaji ni kitako tu, alafu vitako viwili tunaviunganisha mdomo kwa mdomo tupate tofali moja la kioo. Urefu unatoka wapi? Pima ukuta wako. Tofali la inchi 6 ni kama sentimita 15, ongeza plasta sentimita moja na nusu kila upande inakuwa 18, kwaiyo kila kitako unakikata sentimita 9. Wengi wanapima tofali tupu wanasahau plasta, matokeo yake plasta inameza chupa zote na mwanga hamna.

Kwa kukatia, tafuta fundi wa tailizi mwenye ile mashine ya mezani yenye trei ya maji, mpe chupa zako akukatie kwa diski ya almasi. Maji yanapoza kioo kisipasuke na yanashika vumbi, maana vumbi la kioo ukilivuta kifuani si kitu cha mchezo. Usichukue grinda ya mkono ukawa unaimwagia maji, ule ni umeme. Vaa miwani, glovu na barakoa hata kama unakata chupa moja. Na ile njia ya kamba na petroli inayozunguka mitandaoni siishauri hata kidogo, moto uko mkononi na chupa inakatika popote inapotaka.

Ukishakata, kingo zipitishie msasa wa maji, alafu acha vitako juani vikauke kabisaaa. Narudia, vikauke, sababu ukifunga teipu kukiwa na unyevu ndani, ule ukungu utabaki humo na hakuna namna ya kuufuta. Kausha, unganisha, zungushia teipu ngumu ya alminiamu au ile ya mabomba mara mbili, saruji isiingie.

Kwenye rangi mimi napenda kuunganisha kitako cha kijani na kitako cheupe, ukiweka kijani kwa kijani mwanga unafifia sana. Kule Thailand mkoa wa Sisaket kuna hekalu la watawa wa Kibudha, Wat Pa Maha Chedi Kaew, walianza kukusanya chupa mwaka 1984 na wametumia zaidi ya milioni moja, za kijani na za kahawia, hizo rangi mbili tu na bado jengo linapendeza vibaya mno. Kwaiyo usione huna rangi nyingi ukakata tamaa.

Hesabu sasa. Chupa sentimita saba na nusu, jointi mbili na nusu, jumla kumi. Nafasi ya mita moja kwa sentimita 60 inataka matofali 60, maana yake chupa 120. Usizidishe hapo kama ndo unaanza, na juu yake lazima iwepo lenta, yaani boriti ya zege inayobeba ukuta wa juu, huu ukuta haubebi mzigo wowote, wala bati wala zege.

Mota changanya saruji karai moja mchanga manne, mchanga uliochekechwa, maji kidogo iwe ngumu kiasi. Kioo hakinywi maji kama tofali, ukiilainisha chupa zinaogelea. Tandaza mota, panga chupa, pimamaji mkononi, jaza katikati kwa mwiko mdogo. Kila kozi mbili, yaani mistari miwili ya chupa, laza waya au nondo ya milimita 6 iliyoingia kwenye ukuta pembeni. Na kwa siku usipite kozi tatu, acha zishike, chupa ya duara inateleza. Heineken waliliona hilo zamani, mwaka 1963 walitengeneza chupa ya pembe nne iliyochorwa na msanifu majengo John Habraken, shingo ya moja inaingia kwenye kitako cha nyingine ili watu wajengee, bahati mbaya haikuingia sokoni, mi naona lilikuwa wazo zuri sana.

Kabla mota haijakauka futa nyuso za chupa kwa siponji yenye maji, saruji ikishagandia kioo utaikwangua mpaka uchoke. Alafu mwagilia ukuta siku saba, asubuhi na jioni.

Kitu kingine, msije mkaponda vipande vilivyobaki mkavichanganya kwenye zege la msingi badala ya kokoto, kioo kinaweza kugombana na saruji, zege linavimba na kupasuka baada ya muda. Zile shingo na mabega wapelekeeni wanaoyeyusha kioo. Arusha ipo karakana inaitwa Shanga, mafundi wao wengi ni watu wenye ulemavu, wanageuza chupa kuwa glasi na shanga, na Kenya kuna karakana ya Kitengela ambako msanii anayeitwa Nani Croze alianza kazi ya vioo tangu 1979. Waulize kwanza kama wanapokea. Chenga zisizofaa kabisa weka kwenye ndoo yenye mfuniko, andika VIOO kwa rangi nyekundu, kijana wa taka asijikate.