Mlimani Usingoje Njaa
(Mhadhara kwa waongoza watalii na wapishi wa mlimani, Moshi)

Ndugu zangu, nianze na tumbo la chakula, maana kule juu ndilo la kwanza kugoma.

Tumbo likiwa tupu, ukuta wake hutoa homoni iitwayo ghrelini, ambayo watafiti wa Japani waliitangaza mwaka 1999. Hupita kwenye damu hadi haipothalamasi, sehemu ndogo iliyo chini ya ubongo, na hapo mtu husikia njaa. Hupanda pia kwa mazoea, ikikaribia saa yako ya kula. Ndiyo maana aliyezoea kula saa saba mchana akikosa, saa tisa njaa imeshapoa, na hajatia kitu mdomoni.

Shibe nayo ina njia zake. Tumbo likitanuka, mshipa wa fahamu uitwao vagasi hupeleka habari ubongoni mara moja. Homoni za utumbo mwembamba, zinazoamshwa hasa na mafuta na protini, hukawia. Kwa kawaida dakika 20 hivi. Leptini, iliyogunduliwa Marekani mwaka 1994, hutoka kwenye mafuta ya mwili na kueleza ubongo akiba iliyopo. Hiyo ni hesabu ya wiki na miezi, si ya chakula cha leo usiku.

Sasa twende juu. Ukishapita mita 3,500 hivi, oksijeni inapungua, na ghrelini nayo hushuka. Mgeni katembea saa sita, baridi inamla, mwili unatumia nguvu nyingi kuliko akiwa mjini, na bado anasukuma sahani. Ukimuuliza kama ana njaa, atakujibu hapana, na anasema kweli. Basi usimuulize. Kila saa moja njiani mtie mkononi biskuti mbili au nusu ndizi mbivu.

Wapishi, kuna kosa rahisi sana kulifanya: bakuli mbili za supu nyepesi kabla ya chakula. Maji anayahitaji, sawa. Lakini maji yaliyopikwa ndani ya chakula hukaa tumboni kuliko maji ya kunywa, na majaribio yameonyesha kwamba supu ikitangulia, mtu hula kidogo baadaye. Anayetaka kupungua mwili imfae. Anayekwenda kambi ya Barafu kule Kilimanjaro, mita 4,673, inamponza. Mpe nusu bakuli, mililita 150 hivi, na iwe nzito. Mtori uliopondwa vizuri unaishinda supu ya karoti. Au chakula kitangulie, supu ifuate.

Mafuta msiyazidishe. Ni kweli gramu moja ina kilokalori 9, na ya wanga 4, ila mafuta huchelewesha chakula kutoka tumboni, na mwenye kichefuchefu kidogo atazitapika chipsi zako. Wanga hukubalika zaidi, tena mwili huutumia kwa oksijeni kidogo kuliko mafuta: wali, viazi, uji wa sukari. Gaweni mara tano au sita kwa siku. Badilisheni ladha pia, kwa sababu ulimi huchoka na ladha moja kabla tumbo halijajaa. Ndimu au achari pembeni humrudisha mtu kwenye sahani.

Na wagumu, yaani wapagazi wetu, je? Anayebeba kilo 20 halafu akala ugali mara moja, usiku, yumo kwenye hesabu hiihii. Ghrelini haijui nani mgeni na nani mpagazi.

Kukosa hamu ya kula kunaweza pia kuwa dalili ya ugonjwa wa mwinuko. Kukiwa peke yake, endelea kumpa kidogo kidogo. Kukiandamana na kichwa kuuma, asipande kwenda kulala juu zaidi mpaka apate nafuu. Akianza kuyumba kama mlevi au kuchanganyikiwa maneno, hapo habari ya chakula imekwisha: anashushwa, hata kama ni saa nane usiku.