Pingi Inapita, Ankara Haipiti

UNGUJA: Assalamu alaykum wasikilizaji. Mimi niko Malindi, mwenzangu yuko Wete. Kaka, vita vyako vya wiki iliyopita vimekwisha?

PEMBA: Waalaykumu salaam, dada. Vimekwisha, alhamdulillah. Siku mbili zimenipotea, na moja katika hizo ni kwa ujinga wangu mwenyewe.

UNGUJA: Basi tuanze na huo ujinga.

PEMBA: (anacheka) Kuna afisi ya wanunuzi wa mwani, jina silitaji. Makao makuu yako huko kwako Unguja, ghala liko huku. Seva ya ankara, ile kompyuta inayozihifadhi, iko Unguja, na baina ya ruta za afisi mbili wamefunga VPN ya IPsec, yaani njia ya siri inayopita ndani ya intaneti. Wakabadilisha laini ya intaneti upande wa Pemba. Kesho yake karani ananipigia: "Mtandao umekufa." Nafika, napiga pingi, yaani ujumbe wa kuuliza 'upo?', kwenda kwenye seva, inajibu bila kupotea hata moja. Nikamwambia mtandao wako mzima, wa kutazamwa ni seva.

UNGUJA: Kumbe seva nayo nzima.

PEMBA: Nzima kama chuma. Siku nzima naikagua. Karani anaingia kwenye programu, neno la siri linakubaliwa, orodha fupi inafunguka. Akigusa ankara yenye picha ya risiti ya mizani, kiduara kinazunguka mpaka chai inapoa.

UNGUJA: Na zile simu za mezani zinazopita humo humo kwenye VPN?

PEMBA: Zinaongea safi! Karani ananilalamikia kuwa mtandao umekufa, na kunilalamikia kwenyewe ni kwa simu hiyo hiyo.

UNGUJA: Hapo mimi ningeshtuka. Data husafiri kwa vifurushi, ndizo pakiti, na pakiti za sauti ni ndogo. Pingi ya Windows, usipoiambia kitu, inabeba baiti 32 tu. Wewe ulikuwa ukirusha kokoto mlangoni, ukarudi ukasema mlango mpana.

PEMBA: Nastahiki. Hebu waeleze wasikilizaji huo mlango.

UNGUJA: Fikiria robota la mwani lililopimwa lipite sawasawa mlango wa ghala. Sasa mtu akwambie lile robota ulitie ndani ya kasha, ulipige kufuli, ndipo ulipitishe. Mwani ni ule ule, ila kasha halipiti. Pakiti ya kawaida kwenye Ethernet mwisho wake baiti 1500. IPsec inaifunga ndani ya pakiti nyingine, yenye vichwa vyake na mihuri yake. Na laini yenu mpya, bila shaka ni ile ambayo ruta inaingia kwa jina na neno la siri?

PEMBA: Ndiyo hiyo, PPPoE. Inakula baiti 8 zaidi, zinabaki 1492. Laini ya zamani haikuwa hivyo.

UNGUJA: Lakini ruta ikikuta pakiti kubwa isiyoruhusiwa kukatwa, inatakiwa irudishe ujumbe wa ICMP, lugha ya mitambo kupashana habari za njia, ambayo pingi nayo huitumia, kwa aliyeituma: punguza. Utaratibu huo uliandikwa tangu 1990. Kwa nini seva haikupunguza?

PEMBA: Kwa sababu faiwoli ya makao makuu, ule ukuta wa ulinzi wa mtandao, iliruhusu pingi tu, ujumbe mwingine wote wa ICMP ukafungiwa. Eti usalama.

UNGUJA: Lahaula. Huo usalama wa kumfunga mdomo bawabu.

PEMBA: Ruta inapiga kelele, seva haisikii, inatuma pakiti ile ile tena na tena. Siku ya pili ndipo nikafanya nilichotakiwa kufanya mwanzo: pingi yenye ukubwa na amri ya kutokatwa. Kwenye Windows unaandika ping -f -l, kisha idadi ya baiti, kisha anwani. Nikatia 1472: kimya. 1300: inajibu. Nikapanda na kushuka mpaka 1394 ikapita, 1395 ikagoma.

UNGUJA: Ongeza 28 za vichwa vya IP na ICMP, unapata 1422. Huo ndio upana wa mlango wako.

PEMBA: Toa 40 za vichwa vya IP na TCP, huo utaratibu unaobeba data ya ankara, ni 1382. Nikaziambia ruta zote mbili ziwe zinashusha MSS, yaani kiwango cha juu cha data katika pakiti moja, ya kila muunganisho wa TCP mpaka 1360, niache nafasi kidogo. Na faiwoli nikaifungulia ule ujumbe.

UNGUJA: Hilo la pili usilisahau, maana MSS ni ya TCP peke yake. Programu inayotuma pakiti kubwa za UDP, utaratibu mwingine usio na MSS, haitapona kwa hilo. Na kama pingi yenyewe haipiti?

PEMBA: Hiyo habari nyingine. Tazama kama poti za UDP 500 na 4500, ambazo IPsec huzitumia, ziko wazi. Tazama kama afisi zote mbili zimejipa anwani za ndani zinazoanzia 192.168.1, kwa sababu hapo kompyuta ya Wete inaitafuta seva ya Unguja ndani ya chumba chake mwenyewe. Na ikiwa ruta imepewa anwani inayoanzia 100.64 mpaka 100.127, hujapewa anwani ya wazi, inayofikika kutoka nje. Huo upande ndio uanze kuita, usingojee kuitwa.

UNGUJA: Mimi kwanza huuliza: jana mmebadilisha nini?

PEMBA: Nami niliuliza. Nikaambiwa hakuna.

UNGUJA: Na laini mpya?

PEMBA: "Hiyo si tumebadilisha, tumeboresha."

UNGUJA: (anacheka) Haya, karani amefurahi?

PEMBA: Alinipigia baada ya robo saa, kwa hasira. Kule Unguja kila walipoona ankara haitoki kwenye printa ya ghala, walikuwa wakiituma tena. Mlango ulipofunguka zikaja zote pamoja. Karatasi zimemwishia, na lori liko nje linangoja.