The Firm: mastaa wa kampuni tatu, albamu ya kampuni ya nne

Shikamooni wakubwa, na vijana mambo vipi.

Leo nazungumzia albamu moja tu, na najua wengi humu mnaihesabu kuwa imefeli: ile ya The Firm, iliyotoka Oktoba 1997 chini ya Aftermath, lebo ya prodyuza Dr. Dre. The Firm ni kundi la marapa wanne wa New York: Nas, AZ, Foxy Brown na Nature. Kwa majina hayo watu walitegemea maajabu, wakapata kazi ambayo nusu yake ni tamu na nusu unairuka. Kila nikiuliza kwa nini, najibiwa kwamba mafahali hawakai zizi moja. Mimi naona jibu hilo ni la haraka mno. Kwenye maiki watu hawa walikuwa wanaelewana vizuri. Zilizogongana ni karatasi zao, yaani mikataba.

Turudi 1994. Katika Illmatic ya Nas kuna rapa mmoja tu aliyealikwa kuchana, naye ni AZ, kijana wa Brooklyn ambaye hakuwa na jina. Beti ile moja ikamfungulia mlango wa kampuni ya muziki ya EMI, na 1995 akatoa Doe or Die. Kwenye albamu hiyohiyo ya Nas, katika wimbo ulioandikwa kama barua kwa marafiki walioko gerezani, anatajwa Cormega, mwenzake Nas wa maskani ya Queensbridge, New York, ambaye kweli alikuwa amefungwa. Kwa hiyo uhusiano ulikuwepo kabla mtu yeyote hajafikiria kuutafutia jina la kibiashara.

Julai 1996 Nas akaachia It Was Written, na humo ndani mna "Affirmative Action". AZ anafungua, Cormega anapokea, anakuja Nas, kisha Foxy Brown anafunga. Foxy wakati ule alikuwa na miaka 17! Beti yake ina hesabu za kugawa na kuuza unga ambazo mashabiki wamezipigia kalamu miaka yote hii na bado hazitoki sawa. Walimu wa hisabati mliokaa nyuma, nendeni nyumbani mkajaribu. Lakini ukimsikiliza hujali hesabu, kwa sababu anaingia kama mwenye nyumba. Kwangu mimi The Firm ilizaliwa kwenye wimbo ule, na haikuwahi kuupita.

Sasa njooni kwenye karatasi. Nas alikuwa Columbia. Foxy alikuwa Def Jam. AZ alikuwa EMI, ambayo mwaka huohuo wa 1997 ilifungwa Marekani. Albamu yenyewe ikapelekwa Aftermath, iliyokuwa chini ya Interscope. Fikirieni: kampuni ya nne inauza mastaa ambao kesho yake watarudi kuuza albamu zao kwingine. Ni nani hapo atakayekesha kwa ajili ya kundi?

Halafu Cormega. Kwa maelezo yake mwenyewe, alikataa kusaini mkataba uliokuwa unamfunga kwa Steve Stoute, meneja wa Nas, na akatolewa. Nafasi yake akapewa Nature, naye pia wa Queensbridge. Nature ni mchanaji mzuri, sina ugomvi naye. Ila Cormega ndiye aliyekuwa na ile sauti ya mtu aliyetoka jela juzi, na hadithi nzima ya albamu ni ya wahalifu waliovaa suti. Ukimtoa yeye, suti inabaki na uhalifu unapungua. Yeye na Nas wakarushiana mistari kwa miaka.

Kwa upande wa Dre, alikuwa ameondoka Death Row, lebo yake ya zamani, mwaka 1996 na albamu ya kwanza ya Aftermath ilipokelewa kwa ubaridi. Huo ulikuwa wakati wa uhasama wa rap kati ya Los Angeles na New York: Tupac wa Magharibi aliuawa Septemba 1996, Biggie wa New York Machi 1997. Prodyuza wa Los Angeles kujifungia studio na watu wa New York katika miezi ile hakikuwa kitu kidogo, ingawa yeye na Nas walikwishafanya kazi pamoja kwenye "Nas Is Coming".

Tatizo ni kwamba albamu ilipikwa na mikono miwili. Dre na Chris Taylor walitaka giza na nafasi. Trackmasters, maprodyuza waliotoka kufanya It Was Written, walitaka nyimbo za redio. Ndiyo maana mnayo "Firm Biz", mwimbaji Dawn Robinson akiimba juu ya wazo la wimbo wa Teena Marie wa 1981. Si wimbo mbaya. Ila 1997 ulikuwa mwaka wa Puff Daddy, rapa na prodyuza wa New York, na nyimbo za namna hiyo za kuazima nyimbo za zamani zilijaa kila kona.

"Phone Tap" ndiyo inayonifanya niitetee albamu hii. Nas na AZ hawachani kwa zamu kama kawaida. Wanaongea kwenye simu, sauti zimebanwa kama zinatoka kwenye waya, wanapanga mambo yao, na Dre yuko upande wa wanaowanasa simu. Biti ni chache sana, gitaa linadonadona tu. Hapo prodyuza amewapa wahusika kazi ya kufanya badala ya kuwagawia mistari kumi na sita kila mmoja. Foxy hayumo, na nasikitika, maana yeye ndiye angemgeuza yule anayewanasa simu pale mwishoni.

Albamu iliingia namba moja kwenye Billboard, chati ya mauzo ya Marekani, halafu ikapoa. Ya pili haikuja. Dre akampata Eminem, na The Slim Shady LP ya 1999 ikaifuta ile hasara midomoni mwa watu. Mwaka 2020, ndani ya King's Disease, Nas akawaita tena kwenye "Full Circle": AZ, Foxy, na safari hii Cormega. Dre anasikika mwishoni. Albamu hiyo ndiyo iliyompa Nas Grammy yake ya kwanza.

Fundi mitambo, tuwekee "Affirmative Action" kwanza, kisha "Phone Tap", bila kukata. Maswali baada ya hapo.