Namna ya Kuondoa Harufu ya Mayai Viza katika Maji ya Kisima kwa Kuyapitisha Hewani

Karibu, mtazamaji. Glasi hii niliyoishika imejazwa sasa hivi kutoka katika kisima kirefu cha nyumba moja ya Kigamboni, Dar es Salaam. Maji yake ni maangavu, na kwa kuyatazama tu utasema hayana kasoro. Ila ukiyasogeza puani unakutana na harufu ya mayai viza, ileile inayomfanya mgeni azungushe kikombe cha chai mkononi bila kunywa. Harufu hiyo ni ya gesi iitwayo haidrojeni salfaidi, ambayo aghalabu hutengenezwa chini ya ardhi na bakteria wanaoishi pasipo oksijeni na kuigeuza salfeti iliyomo majini. Ndiyo iliyoifanya koki hii ya shaba iwe nyeusi namna hii. Leo tutaitoa kwa kuyaangusha maji matone matone kupitia mabeseni yenye matundu.

Kabla hujanunua chochote, hakikisha harufu inatoka wapi. Chota maji kwenye koki iliyo karibu zaidi na pampu, kabla hayajafika kwenye tangi, kisha toka nje ukayanuse mbali na sinki. Ikiwa maji hayo hayanuki na yanayonuka ni ya moto peke yake, tatizo limo ndani ya hita, mara nyingi kwenye ile fimbo ya magnesiamu inayozuia kutu, na kazi ya leo haitakusaidia. Ikiwa ni koki moja tu ya jikoni inayonuka, anza kwa kukagua bomba la majitaka lililo chini ya sinki.

Pima pia pH, yaani kiwango cha uasidi wa maji, kwa karatasi za kupimia, kwa sababu hapa ndipo mafundi wengi wanapoahidi kuliko uwezo wa kifaa. Maji yakiwa na pH 7, takriban nusu tu ya salfaidi iliyomo ni gesi inayoweza kuruka. Nusu nyingine imeyeyuka katika umbo lisilotoka hata uyapepee maji kutwa nzima. Ikifika 8, inayoweza kuruka ni kama sehemu moja tu ya kumi. Sehemu za pwani zenye mawe ya chokaa na matumbawe huwa na maji ya pH inayopita 7, kwa hiyo usishangae jirani yako akifanikiwa kuliko wewe. Tena hewa huiondoa pia kaboni dayoksaidi, na hiyo ikishatoka pH hupanda yenyewe, ndiyo maana kuyapitisha maji mara nyingi mno hakuleti faida unayoitarajia. Karatasi yetu, kama unavyoiona, inaonyesha kati ya 6.5 na 7, nasi tunaweza kuendelea.

Chukua mabeseni manne ya plastiki inayofaa kwa chakula. Kwa keekee, toboa sakafu ya kila beseni matundu ya milimita 3, ukiyaachanisha kwa sentimita 3 hivi kila upande, kisha ukwangue mabaki ya plastiki yanayoning'inia, kwa kuwa yakibaki yatayakusanya maji yawe mchirizi mmoja badala ya matone. Beseni la juu liache tupu, kazi yake ni kugawa maji. Matatu ya chini yatie kokoto za ukubwa wa sentimita 2 hadi 4, zilizooshwa mpaka maji ya kuoshea yatoke meupe, kwa kina cha sentimita 10. Mabeseni yapange kwenye fremu ya chuma iliyosimama juu ya mdomo wa tangi, ukiacha nafasi ya sentimita 30 kati ya moja na jingine, kisha uizungushie fremu yote wavu wa mbu.

Nasema wavu, wala si mabati. Mnara wangu wa kwanza niliuzungushia mabati pande zote nikidhani nazuia vumbi, na maji yakaendelea kunuka wiki nzima. Kumbe gesi ilikuwa ikitoka kwenye matone, ikikosa pa kwenda, na kurudi majini. Tone dogo huipa gesi uso mkubwa wa kutokea, lakini bila hewa mpya ya kuichukua, kazi yote huwa bure. Kwa sababu hiyohiyo tangi lenyewe lazima liwe na tundu pana la kupumulia, nalo lifunikwe kwa wavu.

Mnara huu usijengwe stoo, jikoni wala kwenye chumba chochote kilichofungwa. Haidrojeni salfaidi ni nzito kuliko hewa, hivyo hutuama ndani ya tangi na kwenye mashimo, na ikiwa nyingi huifisha pua, ukadhani imekwisha ilhali ndipo imezidi. Usiingize kichwa ndani ya tangi ili kunusa. Maji yako yakitoka na mapovu huku koki ikitema hewa, huenda yana methani, gesi isiyo na harufu, inayoweza kulipuka ikiwa kati ya asilimia 5 na 15 ya hewa. Katika Ziwa Kivu gesi hiyo huvutwa kutoka vilindini ikazalisha umeme. Nyumbani kwako itoe nje kabisa, na asiwepo mwenye sigara wala jiko karibu.

Sasa fungua valvu kidogo kidogo. Maji katika beseni la juu yasipite kina cha kidole kimoja, na chini yake uone mvua ya matone, kama hivi. Kwa mwendo huu ndoo ya lita 20 inajaa kwa dakika 2, maana yake tangi la lita 1,000 litachukua saa 1 na dakika 40. Yaache maji yatulie usiku kucha, kwa sababu madini ya chuma, kama yapo, hushikana na oksijeni yakawa tope la rangi ya kutu, nalo hutuama chini. Bomba la kwenda nyumbani litoke sentimita 15 juu ya sakafu ya tangi.

Asubuhi mpe glasi mtu ambaye hakushinda nawe jana kwenye mnara, kwani pua yako imeshazoea. Akisema harufu bado ipo, yarudishe juu mara moja tu, si zaidi, kwa pampu ndogo. Ikikataa, tafuta matibabu ya klorini yakifuatiwa na chujio la mkaa maalumu.

Hewa haiui vijidudu, haipunguzi chumvi, wala haigusi floraidi. Maji ya kunywa yachemshe au yatie klorini kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti. Kila mwezi toa kokoto uzisugue, kwa maana utelezi mweupe unaouona hapa ni salfa na bakteria wake. Ukitumia klorini kuusafisha, usiichanganye kamwe na siki wala dawa ya choo yenye asidi.