Ramadhani Imeondoka, na Mimi Sisikii Kitu

HAJI: Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Karibuni tena barazani. Mimi Haji, niko na dada Mwanahamisi. Katoka zamu ya usiku hospitali akaja moja kwa moja hapa, kwa hiyo akipiga miayo msimlaumu.

MWANAHAMISI: Waalaykumu salaam. Sipigi miayo mimi. Nimeshakunywa kahawa pale Darajani, niko sawa.

HAJI: Haya. Tumeletewa ujumbe wa sauti na kijana wa Tanga, kaomba tusimtaje. Kwa ufupi: Ramadhani hakukosa tarawehe, kahitimisha msahafu, kunuti, zile dua za witri, za nusu ya mwisho alikuwa akilia. Ikaja Iddi, na tangu hapo hana hamu na kitu. Anasema, "Nasali kama mtu anayesaini mahudhurio." Chuo kikuu kamaliza, kazi hajapata. Mchana analala, usiku yuko na simu. Mwisho anauliza: je, Mwenyezi Mungu kaniacha?

MWANAHAMISI: Hilo la mwisho ndilo lililonishika. Hakuuliza afanye nini. Keshajihukumu.

HAJI: Na si yeye peke yake. Tazama msikiti wowote ukiingia mfungo mosi, mwezi unaofuata Ramadhani. Tarawehe safu zilifika barabarani, sasa alfajiri ni imamu, muadhini na wazee watatu.

MWANAHAMISI: Na wewe?

HAJI: Tuendelee na kipindi, dada.

MWANAHAMISI: (Anacheka.) Tuendelee. Swali lake lina jibu la zamani sana. Wahyi ulipokatika kwa muda, washirikina wa Makka walisema Muhammad kaachwa na Mola wake. Ikashuka sura ya Wadh-dhuha: Mola wako hakukuacha, wala hakukasirika. Basi asijipe jibu la washirikina. Ila kisa ninachotaka akisikie ni cha Handhala. Kihadithie wewe, unakijua vizuri.

HAJI: Handhala alikuwa katika waandishi wa Mtume (s.a.w.), si mtu wa pembeni. Siku moja kakutana na Abubakar, kaulizwa hali, akasema, "Handhala kawa mnafiki." Abubakar akashtuka: subhanallah, unasema nini? Akaeleza: tukiwa kwa Mtume akatutajia Pepo na Moto, tunakuwa kama tunaviona kwa macho. Tukitoka pale, tukirudi kwa wake na watoto na shughuli zetu, tunasahau mengi.

MWANAHAMISI: Sasa ngoja hapo. Abubakar hakumwambia "imani yako ndogo."

HAJI: Hakumwambia. Alisema, wallahi na sisi hutupata hayo hayo. Abubakar huyo! Wakaenda wote wawili kwa Mtume. Akawaambia, lau mngedumu kama mnavyokuwa mbele yangu, malaika wangewapa mikono vitandani mwenu na njiani mwenu. Lakini, ewe Handhala, saa na saa, yaani kuna saa ya hivi na saa ya vile. Akakariri mara tatu. Imo katika Sahihi Muslim.

MWANAHAMISI: Mimi kila nikikisikia naangalia kitu kimoja: Handhala alilisema. Tena njiani, kwa mtu wa kwanza aliyemwamini. Huyu wetu kajifungia chumbani na simu, anajitetea na kujihukumu mwenyewe. Lazima ashindwe.

HAJI: Niwe upande wa wazee kidogo. Wao watamsomea aya kuwa nyoyo hutulia kwa kumkumbuka Mwenyezi Mungu: asome Kurani, moyo utatulia. Si kweli?

MWANAHAMISI: Kweli kabisa. Na aya sibishani nayo. Nabishana na mtu anayeitumia kumfunga mgonjwa mdomo. Kazini naletewa watu waliokwisha zungushwa kila mahali. Kombe, yale maji ya aya zilizoandikwa, wamekunywa, wamesomewa, wameambiwa jini, wameambiwa hasadi. Hospitali inakuwa ya mwisho, na mtu keshadhoofu. Kusomewa sikukatazi. Lakini kwa nini vitangulizane? Viende pamoja.

HAJI: Na wanachuoni wa zamani walilijua hilo. Abu Zayd al-Balkhi, mtu wa Balkh, Afghanistan ya leo, aliyefariki mwaka 934, aliandika juu ya afya ya mwili na nafsi kwa pamoja. Huzuni akaigawa mbili: yenye sababu inayojulikana, kama kufiwa au kupoteza mali, na ile mtu anaamka nayo hajui imetoka wapi. Hii ya pili akasema asili yake iko mwilini, akaihusisha na damu, na akataka itibiwe kwa dawa ya mwili.

MWANAHAMISI: Hiyo ya damu tumeshaiacha, lakini ule mgawanyo naukuta wodini kila siku. Msikilize, ndugu yetu: ikiwa wiki mbili mfululizo, karibu siku nzima, huna raha na vitu vilivyokuwa vikikufurahisha, usingizi umeharibika, chakula hakipiti, unajiona huna thamani, hiyo inaweza kuwa sonona. Ni ugonjwa, nenda ukatazamwe. Na ukifikiria kujidhuru, usihesabu wiki. Mwambie mtu leo, na uende leo.

HAJI: Watu watasema kapelekwa Kidongo Chekundu, hospitali ya maradhi ya akili.

MWANAHAMISI: Waseme. Hapa Unguja jina la hospitali tumelifanya tusi, halafu tunashangaa watu wanakuja wakiwa wameshachelewa. Yeye yuko Tanga, aanzie hospitali ya Bombo.

HAJI: Na ikiwa si sonona, kalegea tu?

MWANAHAMISI: Basi kwanza usingizi. Mtume alikuwa hapendi mazungumzo baada ya Isha. Sisi baada ya Isha ndiyo kwanza tunafungua simu. Mtu analala saa tisa za usiku, alfajiri inampita, anaamka saa tano keshajiona mwenye dhambi kabla hajanywa chai. Hapo moyo unasingiziwa bure.

HAJI: Lakini dada, hana cha kumwamsha. Hana kazi.

MWANAHAMISI: Msahafu si kahitimisha? Aende chuo cha Kurani mtaani kwao, amsaidie maalim kusomesha watoto juzuu ya Amma. Mshahara hakuna, lakini saa kumi jioni kuna watoto wanamngoja. Watoto hawakuulizi kama moyo wako mkavu. Wanataka uwasahihishe tajwidi.

HAJI: Na ibada? Arudie ratiba ya Ramadhani?

MWANAHAMISI: Hapana! Bibi Aisha kapokea kuwa amali anayoipenda zaidi Mwenyezi Mungu ni ile ya kudumu, ijapokuwa kidogo. Faraidhi zake ashike, na usiku asali witri, ile sala ya kufungia usiku. Kwetu Mashafii hata rakaa moja inatosha.

HAJI: Moja! Watamwita mvivu.

MWANAHAMISI: Wanaomwita hivyo aliwaona wapi kwenye ile alfajiri ya wazee watatu?

HAJI: (Anacheka.) Na zile funga sita za mfungo mosi?

MWANAHAMISI: Sunna. Akiweza afunge, akishindwa asijiandikie dhambi ambayo hakuandikiwa.

HAJI: Limebaki moja. Umesema amwambie mtu. Amwambie mama?

MWANAHAMISI: Anamjua mama yake kuliko sisi. Kuna mama ukimwambia leo, kesho ukoo mzima uko sebuleni na kombe.

HAJI: Mama yangu huyo!

MWANAHAMISI: Basi alinywe kombe, ashukuru, na Bombo aende vile vile.

HAJI: Ndugu yetu, ukishafika huko tuletee ujumbe mwingine. Assalamu alaykum.