Sentensi ya Kwanza Kwenye Jalada

Ndugu zangu maafisa wa ustawi wa jamii, wanaonifahamu wameshajua nitaanzia wapi, na wawili watatu pale mbele nawaona wanacheka. Chekeni tu. Nitaacha kulisema siku mtakapoacha kulifanya. Hatua za tathmini mnazijua, fomu mnazo, sitapoteza muda huko. Leo nataka kuzungumza juu ya sentensi ya kwanza inayoandikwa kwenye jalada la mteja, na jinsi sisi tunaokuja baadaye tunavyoifuata hadi mwisho bila kuiuliza imetoka wapi.

Chukueni jalada moja. Nimebadilisha mambo mengi ili mwenyewe asitambulike, lakini mwendo wake ni uleule. Mama wa watoto wawili. Ukurasa wa kwanza, aliyempokea kaandika: "Mteja hana ushirikiano." Basi. Hakuandika mama alifanya nini. Alikataa kujibu? Alichelewa? Aliinuka na kuondoka mazungumzo yakiwa katikati? Hatujui. Kaandika hukumu, akatia saini, baadaye akahamishiwa kitengo kingine. Yeye akaenda, hukumu ikabaki.

Afisa wa pili akalirithi jalada. Mama hakutokea siku aliyopangiwa, wala siku ya pili. Likaandikwa: "Ameendelea kukosa ushirikiano." Mara ya tatu akaja, lakini akawa anajibu kwa mkato, na mara nyingine akijibu kitu ambacho hakuulizwa. "Anakwepa maswali." Akaulizwa kuhusu jeraha la mtoto wake mdogo, akatabasamu. Hapo kalamu ikakandamizwa hasa: "Haonyeshi kujali." Mtu wa tatu akifungua jalada hilo anamkuta mwanamke mkaidi, mjanja, asiye na uchungu na wanawe, na kila ukurasa una saini na tarehe. Nani atabisha?

Aliyebisha ni mwanafunzi wa mafunzo kwa vitendo, tena bila kukusudia. Siku ile kiti cha kawaida kilikuwa kimekaliwa, akavuta kingine na kukaa upande wa kulia wa mama. Mazungumzo yakaenda vizuri ajabu. Safari iliyofuata alikaa kushoto, na mama akawa anageuza kichwa chote kumtazama mdomo. Sasa nisikilizeni alichoandika yule kijana, maana ndicho kilichonileta hapa: "Nikiwa kushoto kwake aliniomba nirudie maswali mara kadhaa, nikiwa kulia hakuomba. Hunitazama midomo ninapozungumza." Hakuandika "ni kiziwi." Hakuandika "sasa ameanza kushirikiana." Aliandika alichokiona, akapendekeza mama apimwe masikio. Kupimwa, sikio la kushoto lilikuwa halisikii karibu kabisa, na la kulia nalo limepungua. Siku alizokosa kuja ni zile alizoelezwa kwa simu. Na tabasamu lile? Ni la mtu ambaye hakulisikia swali na anaona haya kusema "rudia." Hakuna hapa ambaye hajawahi kutabasamu hivyo penye kelele.

Kitu kinachonikera zaidi katika jalada lile ni hiki: hakuna aliyedanganya. Kukosa kuja, kujibu kwa mkato, kutabasamu, yote yalitokea kweli. Kila kipya kilichoonekana kilibebeshwa maana iliyokwisha kuandikwa ukurasa wa kwanza. Angekuja kwa wakati angeandikiwa "anajifanya."

Mtaniambia: Mwalimu, hiyo ni ofisi moja yenye wazembe. Hapana. Eileen Munro, mtafiti wa kazi hii yetu ya ustawi wa jamii, alizipitia ripoti 45 za uchunguzi wa kesi za watoto waliodhulumiwa nchini Uingereza, zilizotolewa kati ya 1973 na 1994, akachapisha matokeo yake mwaka 1999. Alichokikuta kinajirudia: wafanyakazi walitegemea ushahidi wa upande mmoja, ule ulio karibu na unaokumbukika kwa urahisi, na wakishafikia maoni yao walikuwa wazito mno kuyabadilisha. Ushahidi mpya ukiyapinga maoni, ulishukiwa ushahidi. Hao hawakuwa wazembe. Wengi walikuwa watu wa kazi kama ninyi.

Kuna kundi jingine, na hili ndilo linaloninyima usingizi, linalosema: "Mimi nina uzoefu. Mteja akiingia tu mlangoni nimeshamjua." Daniel Kahneman na Gary Klein, wanasaikolojia wawili, walikuwa na misimamo inayopingana kuhusu jambo hili, mmoja alizishuku hisia za wataalamu, mwingine alizisifu. Mwaka 2009 wakaandika pamoja, na wakakubaliana kuwa hisia ya mtaalamu inaaminika penye mambo mawili: mazingira yawe na utaratibu unaoweza kujifunzika, na mtaalamu apate majibu ya maamuzi yake ili ajue wapi alipatia na wapi alikosea. Sasa niambieni, sisi majibu tunayapata wapi? Umeamua mtoto abaki nyumbani, kukawa kimya. Kimya hicho ni amani, au hakuna anayekuletea habari? Umeamua aondolewe, basi hutajua maisha yako yote angekuwaje kama angebaki. Jalada linafungwa, mteja anahama, wewe unapandishwa cheo. Miaka ishirini ya kazi bila majibu inamfundisha mtu kujiamini, na kujiamini ni kitu kingine kabisa, si ujuzi.

"Basi Mwalimu, tutumie fomu za alama za kupima hatari, kompyuta itupigie hesabu." Hapo msinisukume nianguke upande wa pili. Ni kweli, Paul Meehl, mwanasaikolojia wa Marekani, alishatuaibisha tangu 1954 alipoonyesha kwamba katika kubashiri mambo, kanuni za kitakwimu zinalingana na wataalamu au kuwashinda. Uchambuzi wa tafiti 136 uliochapishwa mwaka 2000 ulisema hivyohivyo. Ni katika tafiti chache tu ambapo wataalamu waliishinda kanuni. Kwa hiyo mtu anayekataa kifaa cha kupima hatari kwa sababu tu "mteja wangu si namba," namwomba aje na hoja nyingine.

Lakini Meehl huyohuyo ndiye aliyetupa mfano wa mguu uliovunjika. Una kanuni inayobashiri kwamba fulani ataenda sinema usiku fulani wa juma, na kwa kawaida inapatia. Leo umepata habari kwamba kavunjika mguu. Utaiachia kanuni? Huwezi, kwa sababu umejua kitu ambacho kanuni haikijui. Sikio la mama yule lilikuwa mguu uliovunjika, na hakuna kisanduku katika fomu ambacho kingeliuliza. Upande wa pili, Meehl alituonya tusiione miguu iliyovunjika kila mahali, maana wataalamu tunapenda kujitolea sababu za kuipuuza kanuni. Kwa hiyo alama zinakuambia watu wanaofanana na huyu, kwa wingi wao, huishia wapi. Huyu mmoja aliyekaa mbele yako ana nini, hilo ni lako kulitafuta, na ukilipata uliandike kwa namna ambayo mwingine anaweza kulikagua.

Ninachotaka kifanyike ni kidogo mno, ndiyo maana kinanichosha kukirudia. Chini ya kila hitimisho la tathmini, ongeza maelezo mengine yanayoweza kutokana na mambo yaleyale uliyoyaona. Moja linatosha. Kisha andika ni kitu gani, ukikiona, kitakufanya uache maoni yako. Ukishindwa kukitaja, hujafanya tathmini, umeandika msimamo. Na tenganisha ulichoona, ulichoambiwa na nani, na unachodhani wewe. Mary Richmond, mmoja wa waasisi wa taaluma yetu, alitufundisha mwaka 1917 kupambanua ushahidi na makisio yanayojengwa juu yake, na kutotosheka na chanzo kimoja: uwaendee ndugu, shule, daktari, mwajiri. Zaidi ya miaka mia imepita na bado napewa ripoti inayosema "mteja ana hasira" bila kuniambia alisema nini.

Muda hakuna? Muda wa kunakili hukumu ya mwenzako katika kila ripoti ya mwezi ulipatikana. Tumieni huohuo.

Sasa niende mbio. Utamaduni. Mnaikumbuka kesi ya Victoria Climbié, mtoto aliyezaliwa Côte d'Ivoire, akafa London Februari 2000 akiwa na miaka 8 kwa mateso ya walezi wake. Alama za mwilini ziliwahi kuelezwa na daktari mwandamizi kuwa upele, na maelezo hayo yakakaa kwenye kumbukumbu kama mlinzi mlangoni, kila dalili ikija inarudishwa. Mtoto akiwa mbele ya mlezi wake alikuwa akisimama wima kama askari kwenye paredi, na hilo nalo likafasiriwa kuwa ni heshima na utii wa familia za watu weusi. Uchunguzi rasmi wa kifo chake ulioongozwa na Lord Laming, uliotoa ripoti yake mwaka 2003, ulielezwa na wazazi wake halisi kwamba nyumbani kwao hakuwahi kutakiwa kusimama hivyo. Kuheshimu utamaduni ni pamoja na kuuliza. Ukikisia kwa nia njema bado umekisia, na mtoto hakusaidiwa na nia yako. Hapa pangefaa mhadhara wake peke yake, na nimeshawaambia waandaaji.

Usimamizi nilikuwa nimeuandalia sehemu nzima, na mratibu ananionyesha saa. Niseme hili tu kwa wasimamizi: mkikutana na afisa wenu kuhusu kesi, acheni kuanza na "fomu umejaza?" Anzeni na "safari hii umebadilisha mawazo juu ya nini?" Akisema hakuna, safari ya pili akasema hakuna, lisomeni jalada lile wenyewe, tangu ukurasa wa kwanza. Uwezo wa mteja na wa familia yake, jambo ambalo fomu nyingi hulipa mistari miwili, mtaukuta kwenye karatasi mlizogawiwa. Haustahili kuachwa hivi, lakini mmenichokoza na uzoefu wenu.

Maswali. Tuanze na dada yule wa nyuma, ambaye tangu nilipomtaja Meehl amekuwa akitikisa kichwa.