Mabao manne yaliyoyeyuka: Newcastle na Arsenal, 2011

MWENYEJI: Karibuni tena, wasikilizaji wetu wa Nairobi na kwingineko. Leo tunarudi St James' Park, uwanja wa Newcastle, tarehe 5 Februari 2011, siku ambayo Arsenal waliongoza Newcastle 4-0 hadi mapumziko na bado wakatoka sare ya 4-4. Mwenzangu, wewe ni Mwanabunduki, shabiki wa Arsenal, utavumilia?

MWENZA: Nitajitahidi. Walcott alifunga kabla dakika ya kwanza haijaisha, Djourou akaongeza la pili kwa kichwa dakika ya 3, na ilipotimia dakika ya 26 Van Persie alikuwa amekwisha kufunga mawili. Nilikuwa nikitazama katika kibanda cha mpira katikati ya jiji, na wakati wa mapumziko nikaondoka ili niwahi matatu ya Rongai kabla ya msongamano kuzidi, maana kwangu mechi ilikuwa imekwisha.

MWENYEJI: Nami nilibaki palepale, nikawa nakutumia ujumbe.

MWENZA: Ulinitesa! Wa kwanza ulihusu kadi nyekundu ya Diaby, kiungo wetu, nami nikajibu kwamba hata watu kumi wangetosha.

MWENYEJI: Hapo ndipo ninapotofautiana na wanaolisimulia bao la mwisho pekee. Mechi iligeuka dakika ya 50, Barton wa Newcastle alipomkabili Diaby kwa nguvu, naye Diaby akainuka na kumshika shingoni. Djourou alikuwa ametoka kwa jeraha muda mfupi kabla ya hapo, kwa hiyo ndani ya dakika chache Arsenal walipoteza beki mrefu wa kati na kiungo mrefu, wakati ambapo Newcastle walikuwa wakimimina mipira ya juu ndani ya kisanduku. Na kumbuka kwamba Carroll, mshambuliaji wao mkuu, alikuwa ameuzwa Liverpool siku tano tu kabla ya mechi hiyo.

MWENZA: Barton akafunga penalti dakika ya 68, Best akafunga la pili dakika ya 75, kisha Barton akafunga penalti nyingine dakika ya 83. Ya kwanza naikubali. Hiyo ya pili sitaikubali hata nikiwa kaburini.

MWENYEJI: Nakuelewa, ingawa mimi ni wa Manchester United na nilikuwa nikicheka. Kisha dakika ya 87 mpira wa adhabu ukaondolewa kwa kichwa, ukamwangukia Tioté, kiungo wa Newcastle, nje ya kisanduku, naye akauchapa kwa mguu wa kushoto kabla haujagusa ardhi. Kibanda kizima kilisimama, hata wa Arsenal.

MWENZA: Lilikuwa bao lake la pekee kwa Newcastle. Alipofariki mwaka 2017 akiwa mazoezini China, na umri wake miaka 30 tu, ndilo nililolitafuta kulitazama tena, na kwa mara ya kwanza sikuona uchungu.

MWENYEJI: Ajabu ni kwamba usiku huohuo sisi tulifungwa 2-1 na Wolves, kichapo chetu cha kwanza cha ligi msimu huo. Mngeshinda, pengo kati yetu na ninyi lingebaki pointi 2.

MWENZA: Usinikumbushe.

MWENYEJI: Na ujumbe wangu wa 4-4 ulikukuta wapi?

MWENZA: Karibu na Bomas, gari likiwa limekwama. Niliusoma mara mbili, nikazima simu.